Kuhusu Laini Zilizosajiliwa kwa Vidole vya Wifi Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mwenyewe, kituo cha polisi, chumba cha upelelezi.

Jina: Mama Chiriku (jina la kitambulisho lipo kwenye jalada)
Umri: miaka ishirini na mbili
Kazi: dobi
Makazi: chumba cha kupanga, uani, nyuma ya mashine ya kusaga
Uhusiano na mtuhumiwa: wifi yangu, dada wa mume wangu

Mwanangu Chiriku sasa hivi amemwaga chai ya afande juu ya karatasi ya kwanza, ndiyo maana maelezo haya yanaanza upya. Naomba asihesabiwe kosa, ana mwaka mmoja na nusu, na kikombe kilikuwa ukingoni. Afande amefuta meza, akanipa karatasi nyingine, akasema, mama, andika mwenyewe, maana ulimi wako unakimbia kuliko kalamu yangu. Shule niliishia darasa la sita lakini mwandiko wangu unasomeka. Basi naandika. Chiriku yuko chini ya meza na kifuniko cha kalamu. Mtoto wa wifi yangu, wa miezi minne, amelala mgongoni kwangu. Yaliyomo humu nimeyaona mwenyewe, na yale niliyosikia nitasema nimeyasikia kwa nani.

Tunafulia nyuma ya nyumba moja ya wageni, kwenye makaro ya saruji, wanawake kama wanane hivi. Tunafua shuka za wageni, sare za walinzi, na nguo za watu wasio na nafasi. Wifi yangu ameanza kufua na sisi mwezi jana tu, baada ya duka la vifungo na nyuzi alilokuwa akiuza kufungwa. Siku ya kwanza sabuni ya unga ilimchubua vidole mpaka akawa anavipuliza kama uji wa moto, ndipo wenzetu wakampa jina la Mikono Pamba. Mwenzetu tunayemwita Mama Pasi, kwa kuwa yeye hafui, anapiga pasi ya mkaa tu, alimwambia asijali, ngozi ya dobi inatengenezwa hapo hapo karoni, na haiuzwi dukani.

Mnamo siku ya Jumanne, wiki iliyopita, mchana. Afande anataka saa. Mimi saa sikuangalia, ila najua shuka za asubuhi zilikuwa zimekauka na za pili zilikuwa bado zinadondosha maji. Afande amesema hiyo ni kama saa saba, na mimi nakubali.

Alikuja kijana wa kiume amevaa fulana ya njano yenye picha ya pipa la kuchezeshea bahati nasibu. Mgongoni alikuwa na begi. Kama alitaja jina basi hatukulishika, sisi tulimwita Bwana Fulana. Alisalimia vizuri, wakubwa kwa heshima yao na wadogo kwa utani wao. Akasema ametumwa na kampuni ya bahati nasibu, kuna droo kubwa inakuja, na safari hii akina mama wanaojituma hawanunui tiketi, wanaingizwa bure.

Alitueleza bahati nasibu inavyokwenda. Watu wengi sana, kila mmoja anatia kidogo, pipa linazungushwa, inatoka namba moja, na mwenye hiyo namba anabeba vya wote. Mama Pasi akamuuliza, na sisi wengine tunabeba nini? Akasema mnabeba matumaini. Mama Pasi akajibu kwamba matumaini anayo nyumbani, yamejaa hata kitanda kimekosa pa kukaa. Tulicheka sana. Hata yeye Bwana Fulana alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Nadhani kile kicheko ndicho kilichotulainisha, kwa sababu mtu mkishacheka naye inakuwa vigumu kumdhania vibaya.

Kisha akasema maneno ambayo naomba yaandikwe kama nilivyoyasikia:

"Andaeni beseni, akina mama. Mvua ya hela haikingwi kwa kiganja."

Wanawake wa karoni kuambiwa waandae beseni, na mabeseni yote yako miguuni. Tulicheka tena.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Unampa kitambulisho, anakisoma kwa sauti majina yako yote matatu, anakipiga picha kwa simu. Halafu anatoa kimashine kidogo cha kusomea vidole, kile kile wanachotumia mawakala wa laini za simu. Unaweka kidole. Akasema kila kidole kikisoma ni tiketi moja kwenye pipa. Sisi mashine ile tunaijua, na haitupendi. Dobi ukienda kusajili laini unaambiwa futa kidole, kausha kidole, njoo kesho, kwa sababu sabuni imekula mistari yote. Kwa hiyo Bwana Fulana alipokuwa akisema hakijasoma, weka tena, hakuna aliyeshangaa hata kidogo. Hayo ndiyo maisha yetu na vimashine.

Wifi yangu alitangulia. Nilikuwa karibu yake, nimemshikia mtoto wake, kwa hiyo niliona vizuri. Aliweka kidole gumba, Bwana Fulana akabonyeza simu yake, akasema hakijasoma. Akaweka tena. Akabonyeza, hakijasoma. Cha shahada. Mtandao unasumbua. Cha shahada cha mkono wa pili. Sikuhesabu, lakini mtoto alianza kulia, nikamtembeza mpaka mwisho wa kamba na kurudi, na bado alikuwa anawekeshwa vidole. Mwishoni akamwambia, dada, wewe una bahati, vyote vimeingia. Akampa kofia ya njano.

Leo ndiyo nimeelewa kwamba vilikuwa vinasoma tangu mwanzo. Kila aliposema hakijasoma, alikuwa ameshasajili laini mpya kwa jina lake. Afande ameniambia zimekutwa laini sita. Wifi yangu anaijua moja, anayonipigia mimi kuniuliza kama Chiriku amekula.

Wengine walifuata. Zamu yangu ilipofika niliweka vidole vyote kumi, na vingine mara mbili. Hakuna hata kimoja kilichosoma, na safari hii ni kweli, kwa sababu niliona anakunja uso. Mimi nimefua tangu nikiwa msichana. Akanirudishia kitambulisho, akasema, "Mama, wewe vidole vyako vimefutika. Bahati haitakuona."

Sikupata kofia. Afande, nitasema ukweli, nilinuna. Nilifua shuka zilizobaki bila kuongea na mtu. Nilikuwa nimeshapanga kichwani chumba chenye dirisha, Chiriku analala upande wake, na kakabati ka nguo. Mtu akiota hivyo mchana kweupe, kumwamsha ni ukatili. Wifi yangu aliniona. Akaja tukakamua shuka pamoja, yeye huku mimi kule, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, usinune. Nikipata, nusu kwa nusu."

Hayo maneno ndiyo yaliyonileta hapa.

Jana, Jumatatu, asubuhi, kabla hatujaanika chochote, walikuja watu wawili pale karoni, mwanamume na mwanamke, wamevaa kiraia, mwanamke ameshika karatasi. Wakauliza kama yupo mtu mwenye jina fulani, wakalitaja jina la wifi yangu yote matatu, la kwake, la baba na la babu. Pale kazini hakuna anayemjua kwa jina hilo. Anaitwa Mikono Pamba, au mama wa kachanga. Aliyewahi kuyasoma majina yale yote matatu mbele yetu ni Bwana Fulana peke yake. Kwa hiyo mimi niliposikia moyo uliruka. Nilijua droo imechezeshwa.

Nilitupa shuka chini. Nilipiga vigelegele. Nilimvuta wifi yangu kwenye karo na povu lake mpaka viwikoni, nikampeleka mbele yao, nikasema mshindi ni huyu hapa. Yule mwanamke akaniuliza kama nina uhakika ni yeye. Nikamwambia huyu ni wifi yangu, na tumeshakubaliana, nusu kwa nusu.

Akauliza, "Nusu kwa nusu ya nini?"

Nikasema, "Ya hela, dada. Ya hela."

Akaandika. Nilidhani anaandika ili watuletee mara mbili.

Halafu akamshika wifi yangu mkono, ukateleza kwa sabuni, akamshika tena juu zaidi, akasema wao ni polisi. Mama Pasi aliweka pasi juu ya shati la watu akaisahau, shati likaungua. Wifi yangu hakupiga kelele na hakunilaumu. Alisema tu, "Wifi, mtoto." Nikampokea mtoto. Wakaondoka naye kwa miguu mpaka barabarani, kofia yake ya njano imebaki kwenye msumari.

Usiku wa jana sina la kueleza. Nilimnyonyesha kachanga pamoja na Chiriku, mmoja huku mmoja kule. Chiriku nilikuwa nimeanza kumwachisha, basi kwake yeye hii imekuwa sherehe. Mume wangu hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu kwa nini nilimtoa dada yake kwa vigelegele, akalala ameelekea ukutani. Bora angegomba.

Leo asubuhi nilikuja na Chiriku, na kachanga mgongoni ili mama yake amnyonyeshe. Askari wa kaunta aliniruhusu. Wifi yangu alinyonyesha amekaa sakafuni, akaniuliza kama shuka za chumba namba tano zilitoka doa. Nilimjibu zilitoka. Hazikutoka, lakini nilimjibu zilitoka. Baada ya hapo nikaja kwa afande, naye akanieleza kosa lilivyo. Kuna mzee ametapeliwa. Namba iliyomtapeli imesajiliwa kwa vidole vya wifi yangu. Na juu ya hapo jalada lina maneno ya ndugu yake aliyesema mbele ya askari kwamba hela wanagawana nusu kwa nusu. Ndugu huyo ni mimi. Afande akasema jalada linakwenda mahakamani kesho. Akaniambia nikae kwenye benchi nisubiri.

Kwenye benchi alikuwepo mzee mwenye kisanduku cha rangi ya viatu. Ni fundi viatu. Aliponisikia nikimwambia askari kwamba nimemletea mtoto yule mwanamke aliyekamatwa jana, akanigeuzia mgongo, akasema kumbe mwizi naye ananyonyesha. Benchi lenyewe ni fupi, ukimgeuzia mtu mgongo unamgusa. Mtoto akaanza kulia, mama yake ameshafungiwa, ikabidi nimnyonyeshe mimi. Mzee akasogea mwenyewe kunipa nafasi, akaangalia mlangoni ili nisione haya. Nikajua si mtu mbaya, ameumizwa tu.

Nikamuuliza kwa heshima ilikuwaje. Akasema ulimjia ujumbe kwamba namba yake imeshinda, mzigo wake upo, atume ada ya kutolea. Akatuma. Ikaja ada ya kodi. Akatuma. Ikaja ada ya kubadilisha jina kwenye hundi, hapo akauza cherehani yake ya viatu, na tangu hapo anashona kwa mkono. Nikamuuliza, "Mzee, kwani tiketi ulinunua wapi?"

"Sikununua."

"Sasa ulishindaje?"

Akasema, "Mwanangu, mtu ukiambiwa umeshinda hukumbuki kuuliza kama ulicheza."

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu nilijiona mimi na vigelegele vyangu.

Akaendelea kwamba aliyekuwa akimpigia ni mwanamume, kijana mwenye adabu, kila akipiga anamuuliza kwanza hali ya mgongo. Nikamuuliza kama jambo hilo polisi amewaambia. Akasema waliuliza namba, namba akawapa, sauti hawakuuliza. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba kijana yule alikuwa na maneno matamu, kila akikata simu anamwambia aandae beseni.

Nilimshika mzee wa watu mkono wenye rangi ya viatu. Nikamwambia, mvua ya hela haikingwi kwa kiganja. Akanitazama kama ameona jini. Akaniuliza nimeyajuaje.

Tulikwenda kwa afande wote wawili, mimi na watoto wangu wawili, mzee na kisanduku chake. Nilidhani nikishasema wifi yangu anatoka saa hiyo hiyo. Afande alisikiliza mpaka mwisho, halafu akavua miwani. Akasema sauti ya kiume peke yake haimtoi, hawa watu wanafanya kazi kwa kundi, mmoja anatoa laini na mwingine anapiga. Na hayo ya beseni, akasema, mmeshaambiana kwenye benchi. Hakimu atauliza nani alimlisha nani. Kumbe ningenyamaza, mzee akayasema mwenyewe mbele ya afande, na mimi nikayasema kivyangu, yangekuwa na nguvu. Mdomo wangu ulimtia ndani jana, na leo umenyang'anya ufunguo.

Nimesema Mama Pasi na wenzangu waitwe, wote waliyasikia. Afande amesema wataitwa, lakini leo si rahisi, ameniambia niandike kwanza. Ndipo chai ikamwagika.

Sasa naomba jalada lirekebishwe. Nusu kwa nusu niliyoisema haikuwa hela ya mzee huyu wala ya mtu yeyote. Ilikuwa ni hela ambayo haipo. Wifi yangu aliigawa ikiwa bado haijatoka hata kwenye pipa, kwa sababu aliniona nimenuna na hakuwa na kingine cha kunipa. Kama kugawana kitu kisichokuwepo ni kosa, sisi tunaokaa uani tutafungwa wote na watoto wetu. Yeye hakuuza vidole vyake. Aliviweka tu pale alipoambiwa aviweke, na akavifuta kila alipoambiwa afute, kama tunavyofanya siku zote mbele ya mashine. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye ana mwezi mmoja tu wa kufua. Angekuwa amezoea sabuni kama mimi, kimashine kisingemwona, na leo angekuwa anaanika.

Na mimi Bwana Fulana nikimwona namjua. Ana kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto, na akicheka anashika kitu kilicho karibu. Sauti yake pia naijua. Sina chuki naye ya kusema auawe, nataka tu aje ayaseme mwenyewe mbele ya mama anayenyonyesha sakafuni.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyasikia, hakuna aliyenitisha wala kunipa kitu, nayaweka hapa kwa mkono wangu nikiwa na akili zangu, ili wifi yangu

MAELEZO YA MPELELEZI

Shahidi hakumaliza sentensi ya mwisho. Nilimwita mimi. Nilikuwa kaunta, karatasi zake za mwanzo ninazo mkononi ninazisoma, simu ya mlalamikaji, yule fundi viatu, ikaita. Namba ilikuwa ile ya jaladani. Mtuhumiwa wakati huo alikuwa mahabusu, na simu yake imefungiwa kwangu tangu jana.

Nilimwambia mlalamikaji apokee kwa spika. Mpigaji, mwanamume, aliuliza hali ya mgongo, akataja ada ya mwisho, na kabla ya kukata akayasema maneno kama shahidi alivyoyaandika, neno kwa neno. Nimeyasikia mwenyewe. Shahidi aliitikia kwa kichwa kwamba ndiye, akaziba mdomo kwa kanga ya mtoto.

Mkuu wa kituo amearifiwa. Mtuhumiwa ametolewa leo hii kwa dhamana ya ndugu yake, na jalada halitakwenda mahakamani kesho. Laini zote tano asizozijua mtuhumiwa zinafuatiliwa. Mpigaji hajapatikana.

Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali ni sahihi na ametia saini. Sentensi ya mwisho amesema ibaki ilivyo, anawahi kuanua nguo.

Mlalamikaji, nilipomweleza kuwa simu yake inabaki kituoni kama kielelezo, aliomba arudishiwe laini peke yake. Nilimuuliza ya nini. Akasema huenda wakapiga tena, wakamkosa.